Mwokaji Mikate wa Cork na Rekodi Nyingine za Makasia ya Nchi Kavu

Wafanyakazi wa ofisi au wanachama wa jimu wakipanga kupiga makasia ya ndani, yaani kwenye mashine, ili kuchangisha fedha, swali la kwanza huwa lilelile: nani ana kasi kuliko wote? Tulimalize mapema. Katika mita 2,000, umbali uleule wa Olimpiki, Josh Dunkley-Smith wa Australia alitumia dakika 5 na sekunde 35.8 mwaka 2018. Alimpiku Rob Waddell wa New Zealand, bingwa wa Olimpiki ya Sydney, ambaye miaka kumi kabla alikuwa ametumia 5:36.6. Kwa wanawake, Mmarekani Brooke Mooney alifikisha 6:21.1 mwezi Machi 2021.

Lakini anayejiandaa kwa safari ndefu ya hisani hana la kuiga hapo, na sababu imo ndani ya mashine yenyewe. Ukivuta mpini, mnyororo huzungusha gurudumu lenye mapanga, na kinachokupinga ni hewa. Ukitaka mwendo mara mbili, hewa inakudai nguvu mara nane. Kwenda mita 500 kwa dakika mbili kunahitaji kama wati 203. Dunkley-Smith alitoa wastani wa karibu wati 590. Sasa tazama upande wa pili: ukijiruhusu dakika mbili na nusu kwa kila mita 500, unahitaji wati 104 tu. Muda umeongezeka kwa robo, mzigo umepungua kwa karibu nusu. Mimi naiona hesabu hiyo kuwa ya thamani kuliko rekodi zote za kasi.

Aliyeiishi vizuri kuliko wengi ni mzee Richard Morgan wa Cork, Ireland, fundi wa kuoka mikate aliyewahi pia kutengeneza betri. Alianza kupiga makasia ya ndani akiwa na miaka 73, akatwaa ubingwa wa dunia wa rika lake mara nne. Alipofikisha 92, watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick walimpima. Misuli ilikuwa asilimia 80 ya mwili wake, mafuta asilimia 15, na alipokaza mita 2,000 moyo ulifika mapigo 153 kwa dakika. Siri yake haina maajabu. Alifanya kama kilomita 30 kwa wiki, nyingi akiwa kwenye banda nyuma ya nyumba. Takriban asilimia 70 ya mazoezi ilikuwa ya taratibu, asilimia 20 ya kukaza kidogo, na asilimia 10 tu ya kujimaliza kabisa. Juu ya hayo alinyanyua dumbeli mara mbili au tatu kwa wiki. Kama ningeombwa mwalimu mmoja wa timu ya wachangishaji, ningemwita yeye.

Kwa sababu umbali mrefu hauna huruma. Marathoni ya mashine ni mita 42,195. Kwa ule mwendo wa dakika mbili na nusu ni saa tatu na nusu, zaidi ya mivuto 4,600 ukivuta 22 kwa dakika. Mgeni husukuma kile kishikizo cha pembeni kinachodhibiti hewa hadi namba 10 akidhani ndiyo ushujaa, kisha huvuta kwa mikono. Baada ya nusu saa malengelenge yameota chini ya vidole na kiuno kinalia. Miguu ndiyo inayotangulia kusukuma, mgongo unafuata, mikono inamalizia. Zoezi refu la wiki lirefushwe kidogo kidogo, na mwendo ubaki ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima.

Na asiye na miguu? Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole katika ajali ya treni akiwa na miaka miwili. Akawa Mkenya wa kwanza wa kike kupiga makasia kwenye Paralimpiki, Tokyo, kwa nguvu ya mabega na mikono, mita 2,000 kamili kama wengine.

Kwa umbali, sijui nani wa kuwafikia ndugu watatu wa Scotland, Ewan, Jamie na Lachlan Maclean. Mwaka 2025 walivuka Pasifiki kwa makasia kutoka Peru hadi Australia kwa siku 139 bila kutia nanga wala kuongezewa chakula. Walilenga kuchangisha pauni milioni moja za maji safi kwa watu wa Madagaska.

Usiye na mashua, kuna changamoto ya mwisho wa mwaka ya Concept2, kampuni ya Marekani inayotengeneza mashine hizi: mita 100,000 au 200,000 kuanzia Sikukuu ya Shukrani ya Marekani hadi Desemba 24, nayo kampuni hutoa fedha kwa mashirika ya hisani kulingana na mita za washiriki. Mita 100,000 zinatisha zikiandikwa hivyo. Zikigawanywa ni chini ya mita 4,000 kwa siku, dakika 20 kwa mwendo wa kuongea.