Meno madogo yafichua asili ya Kiafrika ya wagugunaji wa Amerika ya Kusini

Mashariki mwa Peru, katika eneo la Contamana lililo kando ya mto Ucayali, tabaka za kale za ardhi zimehifadhi meno ya wanyama wagugunaji waliokwisha kutoweka duniani. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Pierre-Olivier Antoine wa Chuo Kikuu cha Montpellier, Ufaransa, walieleza aina tano za wagugunaji wadogo kutoka eneo hilo. Miongoni mwao zilikuwamo spishi ambazo sayansi haikuwa ikizijua, kama vile Cachiyacuy contamanensis na Canaanimys maquiensis.

Yawezekanaje jino kumtambulisha mnyama mzima? Kwanza, jino hudumu. Mifupa myembamba huvunjika na kuoza, lakini enameli, yaani ganda gumu la jino, hustahimili mamilioni ya miaka. Watafiti huosha udongo juu ya chekeche zenye matundu madogo, kisha huchambua mabaki kwa hadubini, kwani gego la mgugunaji mdogo huwa na upana wa milimita chache tu.

Pili, uso wa gego una matuta na mabonde. Idadi ya matuta, mwelekeo wake na namna yanavyoungana hutofautiana baina ya spishi na spishi. Urefu wa taji la jino na idadi ya mizizi ni ushahidi mwingine. Enameli ya meno ya mbele nayo huchunguzwa kwa ndani, maana mpangilio wake hutenganisha koo kubwa za wagugunaji.

Hata hivyo, kazi hii ina mtego. Kadiri mnyama anavyotafuna ndivyo matuta yanavyosagika, hata jino la mzee likaonekana tofauti kabisa na la kijana wa spishi ileile. Mtaalamu asipokuwa mwangalifu, atampa mnyama mmoja majina mawili. Kwa hiyo meno hupangwa kuanzia lililo zima hadi lililochakaa, ndipo yalinganishwe.

Ulinganisho huo ndio uliothibitisha, kwa mujibu wa timu ya Antoine, kwamba wagugunaji hao walitokana na mababu wa Afrika. Inadhaniwa kuwa mababu hao walivuka Atlantiki, iliyokuwa nyembamba kuliko leo, wakiwa juu ya mafungu ya miti na majani yaliyosombwa na mito. Kizazi chao ni pamoja na kapibara na simbilisi, ambaye leo anafugwa hata Kivu kwa jina la dende. Ndezi wa Afrika ni ndugu yao wa mbali.

Mgogoro uliobaki ni wa umri. Timu ya mwaka 2012 ilikadiria miaka milioni 41, wakati ambapo dunia ilikuwa na joto na unyevu zaidi. Mwaka 2021 watafiti wengine walitoa hoja kwamba wagugunaji wakongwe zaidi wanaojulikana katika bara hilo ni wa mwanzo wa Oligosini, kipindi kilichoanza takriban miaka milioni 34 iliyopita, dunia ilipokuwa imepoa. Jino laweza kusema mnyama ni nani na ndugu zake ni akina nani. Lakini aliishi lini, hilo huulizwa mwamba uliomhifadhi.