Breki Kwanza, Mzigo Baadaye

MUSWADA WA KIPINDI CHA REDIO

Mada: Kuunda baiskeli ya breki za diski nyumbani
Washiriki: Mtangazaji, Fundi wa baiskeli (Gitega), Kijana mkimbizi (Muyinga, kwa simu)
Ujumbe mkuu: Breki ya mafuta ina nguvu sana, lakini mafuta yasiyo yake huiua. Ukikosa mafuta yake, tumia breki ya diski ya waya.

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPUNGUA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia kinga, au baiskeli kama wengine wanavyoiita. Hapa Gitega nipo na fundi aliyezeeka katika kazi hii. Kwenye simu tunaye kijana kutoka Kivu ya Kusini anayeishi kambini, upande wa Muyinga. Karibuni nyote.

FUNDI: Asante, dada.

KIJANA: Asante, dada. Jambo, papa fundi.

FUNDI: Jambo, mwanangu. Habari za huko?

KIJANA: Nzuri kidogo, papa.

MTANGAZAJI: Kaka, waeleze wasikilizaji yaliyokupata.

KIJANA: Nilitaka kinga ya kubebea mizigo na abiria. Sikuwa na pesa ya kununua nzima, nikakusanya vipande: fremu kwanza, magurudumu baadaye, cheni mwishoni. Fremu ilitoka kwenye baiskeli kuukuu ya Ulaya, ikaja na breki zake za diski, zile za mafuta. Nikaunganisha mwenyewe mbele ya nyumba. Mikono ya breki ilikuwa inalegea. Nikaambiwa mafuta yamepungua, nikanunua mafuta ya breki ya gari, nikajaza.

FUNDI: Ikashika?

KIJANA: Ilishika vizuri sana. Wiki ya tatu nilimbeba mama tukishuka kwenda kituo cha afya. Nikabana breki ya mbele, mkono ukaja mpaka ukagusa usukani. Hakuna kitu. Ya nyuma vilevile. Nikachagua mtaro wa upande wa mlima. Tulianguka. Mama aliumia mkono. Amepona, lakini hajapanda tena. Nataka kujua nilikosea wapi, na kama kinga hii inaweza kupona pia.

MTANGAZAJI: Pole sana kwako na kwa mama. Tutakujibu kabla kipindi hakijaisha.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA KWANZA: KILIMA NA JOTO

MTANGAZAJI: Fundi, kwa nini breki ni jambo kubwa hivi katika nchi hii?

FUNDI: Kwa sababu nchi hii ni milima. Miji ya Gitega na Muyinga iko juu, mita 1,500 na zaidi. Ukitoka hapa kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, unashuka mpaka mto Ruvubu, kisha unapanda tena. Kupanda kunakuchosha tu. Kushuka ndiko kunakoua.

MTANGAZAJI: Breki inafanya nini hasa tunaposhuka?

FUNDI: Inageuza mwendo kuwa joto. Chukua mfano. Kinga, mwendeshaji na mzigo, jumla kilo 150. Mnashuka kilima chenye kimo cha mita 100. Kama ni breki peke yake inayokuzuia, joto litakalotoka linatosha kuchemsha karibu nusu lita ya maji baridi.

MTANGAZAJI: Nusu lita ichemke?

FUNDI: Ndiyo. Joto hilo lazima liende mahali. Kwenye baiskeli za Phoenix za zamani, zenye breki za fito za chuma, linaingia kwenye vipande vya mpira na kwenye rimu. Mvua ikinyesha rimu inateleza, mpira haushiki. Ndiyo maana unaona watu wanakanyaga tairi kwa soli ya kiatu. Breki ya diski iko katikati ya gurudumu, mbali na matope, na diski ni chuma kinachopoa kwa upepo. Ni nzuri kwa milima yetu ikiwa imeundwa sawasawa.

SEHEMU YA PILI: NGUVU YA MAFUTA

MTANGAZAJI: Na hayo mafuta yanafanya kazi gani?

FUNDI: Tafuta mabomba mawili ya sindano, mapya, ambayo hayajatumika. Msiokote yaliyotupwa kwenye kituo cha afya, yana magonjwa. Moja liwe dogo, la mililita 5, na lingine kubwa, la mililita 20. Yaunganishe kwa mpira mwembamba, jaza maji, usiache hewa. Sukuma dogo: kubwa linasogea polepole, lakini kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya uliyotumia.

MTANGAZAJI: Kwa nini?

FUNDI: Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, alieleza jambo hili miaka zaidi ya 300 iliyopita. Kimiminika kilichofungiwa kinasukuma sawa kila upande. Penye nafasi kubwa, nguvu inakuwa kubwa. Bomba dogo liko kwenye mkono wa breki, pale kwenye usukani. Mabomba makubwa yako chini, kwenye kibanio, ambacho mafundi wengine wanakiita kaliperi. Kidole chako kinasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pedi mbili, pedi zinabana diski.

MTANGAZAJI: Na hewa ikiingia?

FUNDI: Jaribu na mabomba yako. Acha kipovu kimoja ndani, kisha sukuma. Utaona dogo linakwenda kabla kubwa halijasogea, kwa sababu hewa inabonyea na maji hayabonyei. Ndiyo maana mkono wa breki yenye hewa unakuwa laini kama sponji.

SEHEMU YA TATU: KUUNDA NYUMBANI

MTANGAZAJI: Mtu anayekusanya vipande aangalie nini?

FUNDI: Kwanza fremu na foko. Lazima ziwe zimetengenezwa kwa diski, zina matundu mawili ya bolti karibu na ekseli. Pima toka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lingine. Kwenye fremu nyingi utapata milimita 51 au milimita 74. Kibanio chako lazima kikubaliane na kipimo hicho, au kiwe na kipande chake cha kuunganishia.

KIJANA: Papa, hapa kuna anayechomelea kipande kwenye foko ya Phoenix ili aweke diski.

FUNDI: Asifanye hivyo! Breki ya diski inavuta mguu mmoja tu wa foko, kwa nguvu nyingi, pale chini. Foko ya zamani haikutengenezwa kwa hilo. Itapinda au itakatika mbele ya macho yako. Kama una Phoenix, weka mipira mipya ya breki, nyoosha rimu, kaza fito. Hiyo nayo ni breki.

MTANGAZAJI: Baada ya fremu?

FUNDI: Magurudumu. Habu iwe na mahali pa kufungia diski. Nyingi zina bolti 6, na ufunguo wake ni wa nyota, namba T25. Kaza kidogo kidogo, ukivuka upande wa pili kila mara, usikaze moja mpaka mwisho peke yake. Angalia unene wa diski pia. Nyingi zikiwa mpya zina kama milimita 1.8. Ikifika 1.5, itupe. Pedi ikibaki nusu milimita juu ya chuma chake, badilisha.

MTANGAZAJI: Halafu kibanio.

FUNDI: Kifunge kwa bolti zake mbili, lakini ziache zimelegea kidogo. Zungusha gurudumu, bana mkono wa breki, ushikilie. Kibanio kitajipanga chenyewe katikati ya diski. Ukiwa bado umeshikilia, kaza bolti. Achia, zungusha tena. Diski ipite bila kusugua. Na mikono yako iwe safi! Tone moja la mafuta kwenye diski au pedi, breki inalia na haishiki. Diski unaisafisha kwa spiriti. Pedi iliyolowa mafuta ni ya kubadilisha.

MTANGAZAJI: Kuna jambo ambalo watu wengi wanakosea?

FUNDI: Wanatoa gurudumu, mtoto anakuja kuchezea mkono wa breki. Pedi zinakutana, gurudumu haliingii tena. Ukitoa gurudumu, weka kipande cha karatasi ngumu katikati ya pedi.

SEHEMU YA NNE: MAFUTA GANI?

MTANGAZAJI: Sasa tufike kwa kijana wetu. Alikosea wapi?

FUNDI: Mwanangu, breki zako zimeandikwa jina gani?

KIJANA: Shimano, papa.

FUNDI: Basi jibu ni hilo. Kuna mafuta ya aina mbili. Shimano, Magura na Tektro zinatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za Avid, za Hayes na za Hope zinatumia mafuta yanayoitwa DOT, kama yale ya gari. Mara nyingi aina imeandikwa kwenye mkono wa breki au kwenye kifuniko chake. Soma kabla ya kufungua. Ndani kuna mipira midogo inayozuia mafuta yasipite. Mpira wa breki ya madini hauvumilii DOT. Unavimba, unalainika, kisha unaachia.

KIJANA: Lakini ilishika wiki mbili nzima.

FUNDI: Hapo ndipo hatari ilipo. Haikatai siku ya kwanza. Inakusubiri mpaka siku una mzigo na mteremko.

MTANGAZAJI: Na akikosa mafuta ya madini, aweke ya kupikia?

FUNDI: Hapana. Wala ya mawese, wala ya injini, wala maji. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na kibanio kinaweza kupita hapo kwenye mteremko mrefu. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Utabana, usipate kitu.

MTANGAZAJI: Mwenye mafuta sahihi anajazaje?

FUNDI: Atoe gurudumu na pedi, aweke kipande cha plastiki kati ya vibomba vya kibanio visitoke. Mkono wa breki uwe juu kabisa, ulale sawa. Juu aweke kikombe kidogo cha mafuta. Chini, kwenye kibanio, aunganishe bomba la sindano lenye mafuta, asukume polepole kwenda juu. Hewa inapenda kupanda, kwa hiyo tuisaidie kupanda. Agonge mpira wa breki kwa kidole. Vipovu vikiisha, afunge chini kwanza, halafu juu. Afute kila tone kabla ya kurudisha pedi.

MTANGAZAJI: Atajuaje kwamba iko tayari?

FUNDI: Abane kwa nguvu zote, ahesabu mpaka 30. Mkono ukizama polepole, kuna mahali panavuja. Ukiwa laini, kuna hewa. Ukisimama imara, aende mahali tambarare, bila mzigo, aongeze mwendo kidogo na kubana bila kufunga gurudumu. Afanye hivyo mara 20. Pedi mpya hazishiki vizuri kabla ya hapo. Na asiguse diski baada ya hapo, inaunguza.

SEHEMU YA TANO: JIBU LA KIJANA

KIJANA: Papa, nikimwaga hayo mafuta ya gari na kuosha, nikaweka ya madini?

FUNDI: Hapana, mwanangu. Mipira imeshaharibika. Huioni, lakini imeharibika. Hiyo mikono ya breki na vibanio, usiviweke tena, na usimuuzie mtu. Ukimuuzia, umemuuzia mtaro ulioangukia wewe.

KIJANA: Kwa hiyo nimepoteza kila kitu.

FUNDI: Hujapoteza. Fremu yako ni ya diski, magurudumu ni ya diski, diski zenyewe ni nzima. Tafuta vibanio vya diski vya waya, na mikono yake, pamoja na pedi mpya, maana za zamani huenda zimelowa. Vinafungwa palepale. Havina nguvu kama ya mafuta, lakini waya unapatikana sokoni, na ukianza kuchanika unauona kwa macho. Kwa mtu wa Muyinga asiye na duka la mafuta ya madini karibu, mimi ningechagua waya hata kama ningepewa yote mawili bure.

MTANGAZAJI: Hata wewe, fundi?

FUNDI: Hata mimi. Breki nzuri ni ile unayoweza kuitengeneza pale unapoishi.

KIJANA: Na mama? Nitamwambia nini?

FUNDI: Usimwambie neno. Mshikishe. Kinga ikiwa imesimama, abane breki mwenyewe, asukume aone kama inasogea. Kisha umbebe kwenye tambarare. Kwenye mteremko mkali, shukeni wote wawili mtembee. Kutembea na kinga si aibu.

KIJANA: Asante, papa. Nitafanya hivyo.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, kabla ya kushuka kilima fanyeni haya. Baneni breki zote mbili mkiwa mmesimama. Tazameni pedi, waya na bolti. Shukeni polepole tangu juu, msingoje mwendo uwe mkali. Tumieni breki zote mbili pamoja. Mkisikia mkono unalegea, simameni mapema, ngojeni ipoe, na msiendelee mpaka mjue sababu.

(MUZIKI WA KUFUNGA.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini breki ya kijana ilishika vizuri mwanzoni, kisha ikamwangusha?
2. Katika eneo lenu, ni vipuri gani vya breki vinapatikana kwa urahisi? Vipi havipatikani?
3. Ni mteremko gani karibu nanyi ambao watu wangepaswa kushuka na kutembea? Mnaweza kuwaonya wageni namna gani?
4. Mtu akitaka kuwauzia breki iliyotumika, mtamwuliza nini, na mtaijaribu vipi?