Mzazi Ndiye Mwalimu wa Kwanza, na Lugha Yake Inatosha



Wazazi wengi huuliza: "Mimi sikusoma. Kirundi sikijui, Kifaransa sikijui. Nitamfundisha nini mtoto wangu?" Karatasi hii imeandaliwa Bujumbura kwa ajili ya wakazi wa kambi za wakimbizi nchini Burundi, ili kujibu swali hilo. Jibu ni fupi: una mengi ya kumfundisha, na lugha uliyo nayo inatosha.

Swali hilo si dogo. Mwaka 2025 maelfu ya familia zilivuka mto Rusizi kutoka Kivu ya Kusini, na nyingi zilipokelewa kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Watoto wakubwa walikosa masomo. Watoto wadogo nao walipoteza watu wa kuzungumza nao: bibi, shangazi, majirani. Mzazi aliyechoka hunyamaza, na mtoto naye hunyamaza.

KWA NINI TUSINGOJE SHULE?

Ubongo wa mtoto hukua haraka sana katika miaka ya mwanzo. Anapofika miaka 5, ubongo wake umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kinachousaidia ni chakula, afya, usalama, na pia maneno, michezo na upendo. Mtoto anayezungumzishwa kila siku huingia darasa la kwanza akiwa na maneno mengi na bila woga wa kuuliza.

TUMIA LUGHA GANI?

Tumia ile unayoijua vizuri zaidi: Kiswahili, Kifuliru, Kibembe, Kinyamulenge, Mashi au nyingine. Wengine hudhani kwamba wakiiacha lugha yao, mtoto atajua Kirundi upesi. Sivyo. Mtoto aliyekwisha kuelewa maana ya "kumi" kwa lugha ya mama yake, shuleni atajifunza jina jipya tu. Asiyeelewa kumi ni nini ana kazi mbili kwa wakati mmoja.

Tazameni mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya barabarani, na shule za nchi hufundisha kwa Kirundi katika miaka ya kwanza, kisha kwa Kifaransa. Watoto wa Buyenzi hukua na lugha hizo pamoja, na Kiswahili cha nyumbani hakiwazuii kusoma.

MAMBO YA KUFANYA KILA SIKU

Mambo haya hayahitaji fedha. Yafanye ukiwa katika kazi zako za kawaida.

1. Unapochagua maharagwe, mpe mtoto machache. Ayahesabu, atenge makubwa na madogo, mekundu na meupe. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza.

2. Mkiwa kwenye foleni ya maji, muulize: "Bidoni lipi limejaa? Nani yuko mbele yetu? Nani yuko nyuma?" Mpe nafasi ya kujibu, usimjibie.

3. Unapopika, mweleze unachofanya: "Sasa natwanga sombe. Sasa natia chumvi." Mtoto akae mbali na moto, lakini asikie.

4. Jioni, tegeaneni vitendawili na simulianeni hadithi. "Nyumba yangu haina mlango." Akifikiri mpaka akajibu "yai", amefanya kazi ya akili. Kesho mwambie akusimulie yeye.

5. Chukua kijiti, chora ardhini duara, mstari, nyumba. Kama unajua kuandika, andika jina lake. Kama hujui, kaka au dada yake anayesoma aandike, na wewe umsifu.

6. Mwache acheze. Mpira wa majani ya migomba na gari la waya humfundisha kupima, kutengeneza na kushirikiana.

Mtoto anayesoma akirudi, muulize: "Leo umejifunza nini? Nionyeshe." Hata kama huelewi daftari lake, anapokueleza anayakumbuka masomo.

Akikosea, usimcheke wala usimpige. Mtoto anayeogopa hajifunzi. Kama tangu mlipokimbia hazungumzi, hachezi, au hushtuka usiku, huo si utundu. Kaa karibu naye, mzungumzishe kwa upole. Hali hiyo ikiendelea, mpeleke kwenye kituo cha afya cha kambi.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba, nawe keti na mtoto hata kwa robo saa. Sauti yako ina thamani kubwa kwake.

NI HAKI YAKE

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi na Kongo (wakati huo Zaire) ziliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu imjenge mtoto awaheshimu wazazi wake, utamaduni wake na lugha yake. Kwa hiyo unapomsimulia hadithi ya kwenu, unamtimizia haki aliyonayo.

Vita vinaweza kuchukua nyumba, shamba na mifugo. Maneno uliyorithi kwa wazee wako ulivuka nayo. Usiyafiche. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Anza leo jioni. Na jirani yako asiyejua kusoma, msomee karatasi hii.