Mlimbiko: Istilahi ya Uhandisi na Maji ya Upare

Katika uhandisi wa ishara na mifumo kuna hesabu iitwayo konvolusheni. Asili ya jina ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuviringisha pamoja. Lakini neno "mviringisho" halielezi kazi ya hesabu hiyo. Kazi yenyewe yaonekana dhahiri katika milima ya Upare, wilayani Same.

Mvua inyeshayo mlimani haifiki yote kwa siku moja katika ndiva, ambalo kwa Chasu ni bwawa dogo la maji ya kumwagilia. Tuseme nusu hufika siku ile ile, robo siku ya pili, na robo siku ya tatu. Ikinyesha vipimo 8 leo na 4 kesho, ndiva itapokea 4, kisha 2 na 2, kisha 2 na 1, mwisho 1. Kila siku hukusanya athari za siku zilizotangulia, kila moja kwa kadiri yake.

Mageuzo ya z, yaliyopewa jina hilo na Ragazzini na Zadeh mwaka 1952, huifanya kazi hii kuwa kuzidisha tu. Kuchelewa kwa siku moja huandikwa z⁻¹. Basi (8 + 4z⁻¹) mara (½ + ¼z⁻¹ + ¼z⁻²) huzaa 4 + 4z⁻¹ + 3z⁻² + z⁻³.

Kiswahili kina kitenzi kulimbika, yaani kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Kwacho lapatikana neno mlimbiko. Likiwa peke yake laweza kudhaniwa kuwa jumla tupu. Kwa hiyo yafaa kusema "mlimbiko wa athari", istilahi itajayo kazi, wala si sura ya neno la kigeni.