Pembe Ipi Ni Kubwa? Tufundishe Macho ya Watoto

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumewaletea habari ya pembe. Msicheke, inatuhusu.

Dada mmoja aliyesoma hapa kambini alihamia Marekani na wazazi wake, bibi yake bado tuko naye. Dada huyo anataka kuwa daktari wa meno. Huko, kabla ya kuingia chuo, kuna mtihani unaoitwa DAT. Sehemu yake moja ni ya kutazama maumbo: maswali 90 kwa dakika 60, yaani sekunde 40 kila swali. Kati ya hayo, 15 ni ya pembe. Unaonyeshwa pembe nne kwenye kompyuta, unazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Kupima kwa kifaa hakuna, ni macho tu.

Katika mazoezi, pembe zilimwangusha. Akampigia bibi analia. Bibi akatuletea simu: "Walimu, si ninyi mliomfundisha?"

Ilituuma, maana ni kweli. Darasa zima lilikuwa na kipimapembe kimoja. Tulifundisha kupima, kutazama hatukufundisha.

Basi tukapanga vijiti chini, tukawaita wanafunzi wa darasa la sita: pembe ipi kubwa? Wengi walionyesha yenye vijiti virefu. Kumbe ilikuwa ndogo! Hapo tukaelewa kosa liko wapi. Haya ndiyo tuliyojifunza nao na kumtumia dada:

1. Usidanganywe na urefu wa mikono ya pembe. Tazama kwenye ncha, pale mistari miwili inapokutana. Mlango mkubwa na mlango mdogo vinaweza kufunguliwa sawasawa.

2. Anza na pembe ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Majibu ya kuchagua yako manne, na mara nyingi mawili au matatu yanaondoka hapo hapo. Zilizobaki ndizo za kulinganisha.

3. Pembe zikigeuziwa pande tofauti, zigeuze kichwani. Fikiri mkono mmoja umelala chini na mwingine ni njia ya kupanda kilima. Kilima kipi kingekuchosha zaidi? Kwa pembe kali, hicho ndicho kikubwa.

4. Kwa pembe butu, urefushe mmoja wa mikono kwa mawazo, upite ncha. Angalia nafasi iliyobaki kati ya mstari huo na mkono wa pili. Iliyobakiza nafasi ndogo ndiyo pembe kubwa.

5. Usikodoe macho muda mrefu, yatachoka na pembe zote zitafanana. Tazama, toa macho, tazama tena. Ukishindwa, chagua na uendelee, kwa kuwa jibu lenye kosa halipunguzi alama.

Mtihani wa dada bado haujafika. Anatuambia sasa anapata nyingi kuliko mwanzo, lakini pembe zinazokaribiana bado zinamsumbua. Bibi anatuuliza habari kila Jumapili.

Wazazi, kazi hii haihitaji hela. Jioni, mkisubiri chakula kiive, chukueni vijiti vinne, viwili virefu na viwili vifupi. Tengenezeni pembe mbili, mwulizeni mtoto ipi kubwa, na akijibu mwulizeni amejuaje. Sisi tulichelewa kuuliza swali hilo la pili.