Ngoma ya sikio ikitoboka

Mtoto ana mafua siku ya tatu. Usiku anashika sikio na kulia, halafu karibu na alfajiri ananyamaza ghafla na kulala. Kunapokucha mama anakuta doa la usaha wenye damu kidogo kwenye mto. Maumivu yametulia, lakini ugonjwa haujapona. Ngoma ya sikio imetoboka, na usaha uliokuwa ukiisukuma umepata pa kutokea.

Ngoma hiyo ni utando mwembamba kama karatasi, wenye upana wa takriban sentimita 1, uliowambwa mwishoni mwa tundu la sikio. Sauti ikiugonga hutikisika, ukavitikisa vifupa 3 vilivyo nyuma yake, navyo vikafikisha mtikisiko sikio la ndani. Utando huohuo huzuia maji na vijidudu visipenye. Ukitoboka, usikivu hupungua na ngao huondoka.

Watoto hupatwa zaidi kwa sababu mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua kwao ni mfupi na umelala, hivyo vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi.

Chanzo kingine ni mikono yetu. Kofi likitua sawasawa sikioni hubana hewa ndani ya tundu, na hewa hiyo ndiyo inayopasua utando. Kofi la kumwadabisha mtoto linaweza kumnyima usikivu. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na vijiti vya pamba navyo hutoboa, ilhali nta kwa kawaida hujitoa yenyewe.

Kisha kuna shinikizo. Kila mita 10 za kina cha bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji wa pweza au majongoo bahari anayeshuka akiwa na mafua hawezi kusawazisha hewa masikioni, na ngoma hupasuka. Mlipuko wa baruti hufanya vivyo hivyo.

Matundu mengi hujiziba yenyewe ndani ya wiki kadhaa, mradi sikio likae kavu. Wakati wa kuoga, ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Usiogelee, wala usipenge kamasi kwa nguvu. Usitie mafuta ya nazi, maji ya kitunguu saumu wala maziwa ya mama. Hata matone ya dukani yasitumike bila ushauri: yenye gentamisini yakipita kwenye tundu yanaweza kudhuru sikio la ndani.

Usaha ukiendelea kwa wiki 2, au kukiwa na kizunguzungu, uvimbe nyuma ya sikio au uso kupinda upande mmoja, nenda hospitali haraka. Tundu lisiloziba daktari wa masikio, pua na koo huweza kulitia kiraka kwa upasuaji, akitumia utando wa mgonjwa mwenyewe.

Mtoto aliyelia usiku kucha kisha akanyamaza bado anahitaji kupimwa. Mpeleke kituo cha afya asubuhi hiyohiyo.