Magharibi ya Istanbul na Magharibi ya Kidete

Kijana wa Kiislamu anapooa kisha akajaaliwa nafasi ya kusoma au kufanya kazi ng'ambo, wazee humpa nasaha nyingi: asiache sala, achunge chakula cha halali, ajiepushe na marafiki wabaya. Nasaha hizo ni za haki, nami nilipewa zote. Iko moja ambayo sikupewa, wala sidhani kwamba waliokuwa wakininasihi waliikumbuka. Mume na mke wafanye nini watakapokosana mahali ambapo hakuna shangazi wala mkwe, na jirani hajui lugha yao?

Mimi ni mzaliwa wa Kidete, wilayani Kilosa, kituo cha Reli ya Kati kilichopo baada ya Munisagara na Mzaganza kwa msafiri atokaye Kilosa kuelekea Godegode na Gulwe. Mwezi Oktoba 2017, nikiwa na majuma matano tu katika ndoa, niliondoka na mke wangu kwenda Istanbul, ambako nilikuwa nimepata udhamini wa masomo wa serikali ya Uturuki. Mwaka wa kwanza wa udhamini huo mwanafunzi husomeshwa Kituruki kabla ya kuingia darasa lake hasa. Tukapanga chumba na jiko katika wilaya ya Fatih, ngazi sita chini ya barabara, dirisha letu likitazama miguu ya wapita njia.

Jambo la awali lililotushughulisha lilikuwa ni sala. Siku za mwanzo tulipunguza sala zetu kama wasafiri. Mke wangu, ambaye amesoma madrasa kunishinda, akanikumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa amekwisha kuwa mkaazi. Wenyeji wetu, ambao wengi wao ni Mahanafi, wao huhesabu siku kumi na tano. Sisi tulikuwa tumenuia miaka mitatu. Basi tukasali kamili. Lakini nilimwona usiku ule akikaa juu ya msala muda mrefu baada ya kutoa salamu, kisha akasema, "Sala imekuwa ya mkaazi, lakini mimi bado ni msafiri." Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Laiti ningalimsikiliza.

Yapo mambo ya Istanbul ambayo Mwislamu wa kwetu huyaona ya nyumbani tangu siku ya kwanza. Tulifika ukiwa ni mwezi wa Muharram, wakati Waturuki wanapopika ashure, uji mtamu wa ngano, maharage, dengu na matunda makavu, wakagawiana nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja mjane wa ghorofa ya juu alitugongea mlango na bakuli lake. Hatukuwa na lugha ya kumshukuru, lakini mke wangu alijua, kama ajuavyo kila binti aliyelelewa vyema pwani na bara, kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akalirudisha bakuli lina maandazi ya iliki. Tangu siku hiyo tulimwita yule bibi "teyze", kwa maana ya mama mdogo au mama mkubwa, ndugu wa kike wa mama, nalo ni jina wanalopewa wanawake wa umri wake hata na wasio jamaa zao.

Mengine yalitushangaza. Alfajiri imamu alikwenda moja kwa moja kwenye sijda pale ambapo mikono yangu ilikuwa imekwisha inuka kwa Kunuti. Ajabu ni kwamba siku zile zile mambo kama hayo yalikuwa yakitokea Kidete kwa upande wa pili. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Morogoro hadi Makutupora ulitiwa saini Septemba 2017 na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi, na njia yake inapita kwetu. Baada ya muda mama akanieleza kwenye simu kwamba kuna vijana wa Kituruki wanasali msikitini, na kwamba mmoja wao husimama kimya mikono chini akingoja watu wamalize Kunuti. "Mwanangu," akaniuliza, "na wewe huko wanakungoja hivyo hivyo?"

Kisha kikaja kipupwe. Msomaji wa Kilosa anayejua baridi ya Juni asidhani ameijua baridi. Mwishoni mwa Desemba jua la Istanbul huchomoza kiasi cha saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, na magharibi huingia saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Bomba letu lilitoa maji kama theluji iliyoyeyuka. Na katika madhehebu yetu, kama mjuavyo, ngozi ya mume ikigusana na ya mke udhu hutenguka. Katika chumba cha hatua tano kwa nne, watu wawili hawawezi kupishana bila kugusana, na kila mguso ulikuwa na gharama yake bombani! Teyze ndiye aliyetuonyesha duka linalouza khofu za ngozi. Mwenye kuzivaa akiwa na udhu hupangusa juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu. Kwa mara nyingine tukawa wakaazi.

Mimi niliondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Baada ya darasa nilikwenda maktaba, maana palikuwa na joto, kisha nikanywa chai na wanafunzi wenzangu. Nilimwachia mke wangu fedha ya mkate na kadi ya mabasi, nikaona nimetimiza wajibu. Yeye hakuwa na darasa. Mchana kutwa alitazama ile miguu ya wapita njia. Ilipofika Januari 2018 aliniambia kwamba anataka kurudi kwao. Nikamjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, juu ya nauli na juu ya shukurani. Tukakaa siku tatu hatusemezani isipokuwa salamu, katika chumba ambacho mmoja akigeuka usingizini mwenzake huamka.

Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, ameelekeza kwamba pakihofiwa mfarakano baina ya mume na mke atumwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke, na wakitaka suluhu Yeye atawapatanisha. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuipigia hesabu ya umbali. Jamaa za mume na jamaa za mke walikuwa mwendo wa saa saba kwa ndege, na baada ya ndege kuna njia ya Kilosa. Hata hivyo usiku wa tatu nilimpigia mama, nikitaraji aniunge mkono.

Mama aliuliza swali moja tu: "Mchana kutwa mwenzio anazungumza na nani?" Nikanyamaza. Akanikumbusha mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yalipoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na Kidete ikakaa miezi bila kusikia treni. "Watu walikuwepo, chakula kililetwa," akasema, "lakini kila asubuhi nilitoka nikatazama njia. Huyo binti anatazama njia, baba." Kisha akakata simu na kumtafuta babu mdogo wa mke wangu.

Jumapili iliyofuata waamuzi wawili walikaa barazani Kidete, simu moja katikati yao ikiwa imefunguliwa sauti, na sisi tumekaa juu ya zulia Istanbul. Saa haikutusumbua, kwa kuwa tangu Uturuki ilipoacha kurudisha saa nyuma mwaka 2016, saa ya Istanbul na ya Kidete ni moja. Babu alianza kwa kutuuliza kila mmoja kama ameridhia wao wawili wasimamie shauri lile. Sikuuelewa uzito wa swali hilo hadi baadaye, niliposoma kwamba kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi waamuzi hao ni mawakili wa wanandoa, hawana mamlaka mpaka wapewe. Tuliridhia. Walimsikiliza mke wangu kwanza, na kwa muda mrefu, kisha mimi kwa muda mfupi.

Hukumu yao ilikuwa na mambo mawili. Mke wangu aende kila siku kwa teyze kujifunza lugha na upishi, nami nisimzuie. Na mimi niwe nimefika nyumbani kila siku ifikapo Magharibi.

Sasa tazama, msomaji, jinsi jua lilivyoingia katika ndoa yetu. Wale wazee walipotaja Magharibi walikuwa na maana ya Magharibi ya Kidete, inayozunguka saa moja jioni msimu ule. Kwangu mimi Magharibi ya siku zile iliingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na darasa lilikwisha saa kumi na moja, upande wa pili wa jiji lenye foleni zisizo na huruma. Nilitaka kumpigia babu nimweleze. Mke wangu akaniambia, "Wao wametaja Magharibi, hawakutaja saa." Nikaiacha maktaba, nikaiacha chai, nikajifunza kukimbilia kivuko.

Katika moja ya jioni hizo tulikwenda Eyüp, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari (R.A.). Maharusi wa Istanbul wana desturi ya kulizuru, nasi, ingawa harusi yetu ilikuwa na miezi, tulijihesabu miongoni mwao. Huyu ndiye aliyemkaribisha Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake Madina, kisha yeye mwenyewe akafia ugenini, uzeeni, katika jeshi lililouzingira mji huo. Mke wangu alinikumbusha kisa cha mtungi: Mtume alipokuwa akikaa chini, Abu Ayyub na mkewe juu, mtungi ukavunjika usiku, na wote wawili wakaparamia maji wakiyakausha kwa blanketi lao pekee ili tone lisimdondokee mgeni wao. "Hawakuulizana nani ameuvunja," akasema. Sikuwa na la kujibu.

Hadi machipuko yeye alikuwa akizungumza Kituruki cha sokoni na cha jikoni kunipita mimi wa darasani, akinunua kwa bei ambazo sikuzipata kamwe.

Ramadhani ya 2018 Uturuki iliingia Jumatano, tarehe 16 Mei, kwa kalenda yao ya hesabu, nyumbani wakiwa bado wanautafuta mwezi. Saum ilizidi saa kumi na saba. Kabla ya alfajiri wapiga ngoma walipita mtaani kuamsha watu kwa daku, na mke wangu akakaa kitandani ghafla akidhani yuko kwao. Mwishoni mwa mfungo Magharibi ilikaribia saa tatu kasorobo usiku, nami nikapata wasaa ambao wazee hawakuukusudia.

Siku moja katika siku hizo nilirudi saa mbili na nusu usiku, mkate wa Ramadhani wa moto kwapani baada ya foleni ndefu. Mama alikuwa kwenye simu, amefuturu saa mbili zilizopita, akimuuliza mkwewe kwa ukali kwa nini mume wake hajafika hadi giza lote hilo.

"Mama, giza ni la huko," mke wangu alikuwa akimjibu, akinitazama mlangoni. "Huku jua bado lipo. Hajavunja mkataba."